Kifungo cha uzi mweusi

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea kwenye baraza la duka moja katikati ya mji wa Moshi, hatua chache kutoka stendi kuu ya mabasi, na nimekaa hapo tangu mwaka 2009. Fundi wa barazani hana mlango wa kufunga. Anayepita ananiona nami namwona, na kwa kuwa miguu iko kwenye pedali na mikono iko kwenye kitambaa, siwezi kusingizia kwamba nina haraka. Ndiyo maana wanaoomba hawanipiti.

Mwaka ule nilioanza kulikuwa na ukame mkali huku kaskazini. Ng'ombe walikufa kwa maelfu katika nyika za Longido, Monduli na Simanjiro, na tuliwaona akina mama wa Kimaasai wakiingia mjini na watoto mgongoni, wanawake ambao mwaka mmoja nyuma walikuwa wanatuuzia maziwa. Hawakujua kuomba. Walikuja, wakasimama mbele ya cherehani, wakanyamaza. Nilikuwa natoa mia mbili, wanaipokea kwa mikono miwili na kuondoka bila neno. Nakumbuka nilimwambia fundi mwenzangu kwamba hawa ni waombaji wa kweli kwa sababu hawasemi. Niliishi na imani hiyo miaka mingi: kwamba mwenye shida ya kweli nitamtambua tu, kwa kumtazama na kumsikiliza.

Kabla sijaendelea niseme jambo moja kuhusu Moshi, kwa wasioufahamu mji huu. Hapa ombi kubwa ni nauli. Hospitali ya KCMC imekuwa hapa tangu mwaka 1971, na ndiyo ya rufaa kwa kanda nzima ya kaskazini. Mgonjwa analetwa kutoka Tanga, Manyara au Singida akiwa hajiwezi, ndugu wanachanga hela ya kumfikisha, wanachanga ya matibabu, na siku anaporuhusiwa kurudi nyumbani mfuko umekauka. Anashuka mjini na karatasi zake za hospitali akitafuta namna ya kurudi kwao. Stendi nayo inapokea watu wa Rombo, Marangu, Same, Arusha na Dar es Salaam, na popote penye mabasi mengi hapakosi aliyekwama. Kwa hiyo wenye shida ya nauli wapo, tena wengi. Na walioona kwamba nauli ni neno linalofungua mifuko ya watu nao wapo.

Mwezi Novemba mwaka 2014 nilikwenda Arusha kununua bitana na vitenge. Kwetu Novemba ndiyo mwezi wa kukimbizana, maana Wachaga wanarudi nyumbani Krismasi na kila familia inataka sare. Nilifanya manunuzi Soko Kuu, nikabeba furushi kichwani, mkoba begani, nikarudi zangu stendi. Pale kwenye msongamano walichana mkoba kwa kiwembe. Sikusikia kitu. Nilipoingiza mkono kutafuta nauli, mkono ukatokea upande wa pili. Hela hakuna, simu hakuna. Namba zote za watu wangu zilikuwa ndani ya simu ile. Kichwani nilikuwa na namba moja tu, ya kwangu mwenyewe.

Kutoka Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 hivi. Nauli ya Coaster wakati ule ilikuwa kama malipo yangu ya kupinda suruali tatu. Nilijiambia si hela ya kumlilia mtu, nitamwambia mama yeyote mtu mzima, atanielewa. Nikamchagua mmoja aliyevaa vizuri, wa umri wangu. Nikamsogelea nikafungua mdomo, na maneno yaliyotoka yalikuwa haya: "Samahani dada, mimi siyo ombaomba, nimeibiwa, naomba unisaidie nauli ya kufika Moshi."

Niliyasikia nikiwa bado nayasema. Yalikuwa yale yale niliyokuwa nayasikia pale barazani kwangu kila siku, yakianza na samahani lile lile. Yule dada hakunitukana. Alitikisa kichwa na kuhamishia pochi yake upande wa pili. Niliomba watu saba. Baba mmoja aliniambia, "Mama, nyie tunawajua, mnazunguka hapa kila siku." Nilimwonyesha mkoba uliochanwa. Akasema hata mkoba unachanika nyumbani. Hapo nikaishiwa, maana ni kweli, mkoba unachanika nyumbani. Nilikuwa na furushi la vitambaa vya watu lenye thamani ya nauli za kwenda na kurudi mara kadhaa, nalo likawa ushahidi dhidi yangu: mwenye mzigo kama ule anaombaje? Sikuwa na neno lolote ambalo mwongo hana.

Aliyenichukua ni konda. Hakuuliza nimeibiwaje. Aliniuliza, "Moshi nani anakungoja?" Nikamwambia watoto wawili, na nguo za watu. Akachukua furushi langu akalipachika nyuma ya kiti cha dereva, akasema, "Panda mama, utakaa pale mlangoni." Njia nzima, Tengeru, Usa River, Boma Ng'ombe, alikuwa anakusanya nauli na kunipita kana kwamba nimeshalipa. Sijui kama abiria wengine walitambua. Tulipofika nilimwomba anisubiri dakika tano nikope kwa jirani, lakini gari lilikuwa limeshaanza kuita abiria wa kurudi. Nilimtafuta karibu mwezi mzima kwa kukariri ubavu wa lile gari. Siku niliyompata nikampa hela yake na soda, akanitazama kwa muda, akasema, "Mama yangu, mimi sikumbuki." Kweli hakukumbuka. Jambo ambalo mimi nitalikumbuka mpaka nakufa, kwake lilikuwa ni siku ya kazi.

Baada ya hapo nikawa mwepesi kwa watu wa nauli. Mwepesi kupita kiasi, walivyosema wenzangu. Nilikuwa nikisikia "mimi siyo ombaomba" mkono unakwenda kwenye mkebe wenyewe, kwa sababu nilikuwa najiona mimi pale Arusha.

Ndipo akaja yule kijana. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, shati jeupe la mikono mirefu, anaongea taratibu. Alisema anatoka Singida, alikuja Moshi kwa ahadi ya kazi ya ujenzi, aliyemwita hapokei simu. Nilimpa elfu tano. Siku hiyo nilikuwa nimeingiza elfu kumi na moja, kwa hiyo haikuwa sadaka ya kutikisa mkono tu. Nikaona kifungo cha tatu cha shati lake hakipo, kifua kiko wazi, nikamwambia asogee. Uzi mweupe ulikuwa umeisha, nikampigia kwa uzi mweusi. Akanishukuru, akaniaga kwa heshima, akaelekea stendi.

Wiki tatu baadaye nimeinamia sketi ya mtu, nasikia, "Samahani mama, mimi siyo ombaomba." Nikainua macho. Kabla sijaiona sura niliona kifungo cha tatu. Uzi mweusi.

Hasira iliyonipanda sikuwahi kuipata tena. Elfu tano haikuniuma sana. Kilichoniuma ni yale maneno. Ndiyo yaliyokuwa yangu pale Arusha, ndiyo sababu watu saba walinipita, na hapa mbele yangu amesimama mmoja wa walioyachakaza mpaka hayasaidii kitu mdomoni mwa mtu aliyekwama kweli. Nilisimama nikapiga kelele. Nilimwita tapeli. Nilisema kwa sauti kwamba huyu anaibia watu, ni mwizi.

Sikufikiri. Katika miji yetu neno hilo haliitwi ovyo. Ng'ambo ya barabara kuna kijiwe cha boda, na mtu mmoja tu alidaka neno la mwisho: mwizi. Sijui walifikaje upesi namna ile. Mmoja alishamkamata ukosi, mwingine ana kipande cha mbao, wauza matunda wanakuja, wapiga debe wanakuja, na watu ambao hawakusikia chochote wanauliza ameiba nini huku tayari wameinua mikono. Wote tumeshayaona mambo haya yanavyoisha. Yule kijana hakujitetea. Alinitazama mimi tu.

Nilipenya nikiwa na futi shingoni, nikamshika mkono, nikasema, "Mwacheni! Huyu ni mteja wangu. Nagombana naye kwa deni la kifungo." Nikawaonyesha kifungo chenyewe. Ilibidi nirudie mara tatu, nicheke kidogo, niwaambie ninyi nanyi mnapenda mambo. Wakaachia mmoja mmoja, wengine wamenuna kwa kusumbuliwa. Niliyekuwa nampigia kelele kwamba ni mwongo, nikawadanganya watu zaidi ya ishirini ili asiguswe, na namshukuru Mungu kwamba waliniamini.

Nilimkalisha kwenye kigoda nyuma ya cherehani na kumpa maji. Kikombe kilikuwa kinagonga meno yake. Mimi mwenyewe sikuweza kushona, miguu ilikuwa inatetemeka juu ya pedali. Tulikaa hivyo muda mrefu. Halafu akasema bila kuulizwa, "Mama, Singida ni kwetu kweli. Ile hela nilitaka kuondoka nayo. Kila ikikaribia kutimia nauli, naila."

Kila ikikaribia, naila. Sentensi ile imekaa nami mpaka leo. Anayeomba nauli ya mbali mia mbili mia mbili anaipata kwa siku nne au tano, na siku hizo anakula, analala mahali, ananunua maji. Nauli inabaki pale pale mbele yake kama mlima. Wiki ya kwanza alikuwa mkweli. Wiki ya tatu alikuwa akisema maneno yale yale, kwa sauti ile ile, na hata yeye sidhani kama angeweza kuonyesha ni siku gani yalikoma kuwa kweli. Mimi nilikuwa nimezoea kuwagawa waliokwama huku na matapeli kule, na sikuwa nimewaza kwamba kuna njia inayotoka upande mmoja kwenda mwingine, na kwamba mtu anaweza kuitembea akiwa na njaa tu.

Nilimuuliza swali la yule konda: nani anakungoja? Akasema mama yake. Kisha akageuza uso ukutani.

Jioni tulichanga, mimi, fundi viatu wa pembeni na mama wa chakula. Tukaenda wote kwa wakala kukata tiketi kwa jina lake, na mama wa chakula akampa nafasi ya kulala kwenye kibanda chake mpaka alfajiri. Basi liliondoka saa kumi na mbili, na alikuwa ndani. Fundi viatu alisema atashukia Arusha na kuanza upya. Inawezekana. Nilimwona akiwa ameshika tiketi kwa mikono miwili, na hapa Moshi hajaonekana tena.

Tangu siku ile sitoi hela ya nauli mkononi. Natoa tiketi au sitoi, na mara nyingi sitoi, maana mfuko wangu si wa kununua tiketi kila wiki. Nikikosa nasema sina, kwa jina la heshima, mama, baba, mwanangu, na namwangalia usoni ninaposema. Hilo nililijua thamani yake pale Arusha. Katika wale saba, ninayemkumbuka kwa wema ni mzee mmoja aliyesema, "Pole binti yangu, leo sina." Hakunipa kitu, lakini nilipotoka kwake nilipata nguvu ya kumwendea mtu wa nane, ambaye ndiye alikuwa konda.

Na wenye karatasi za hospitali nawauliza kama wamefika kwa afisa ustawi wa jamii. Wengi hawajui kwamba hospitali kubwa zina ofisi hiyo, na kwamba asiyeweza kugharamia matibabu anaweza kuombewa msamaha akiwa bado wodini, si baada ya kutoka na kuanza kuzunguka mjini. Mama mmoja wa kutoka Kiteto nilifunga mashine nikaenda naye mwenyewe, kwa sababu alikuwa haongei Kiswahili vizuri na aliogopa meza na mhuri. Ilinigharimu siku nzima. Hiyo ni aina ya msaada ambayo siwezi kuitoa mara nyingi, lakini naona ndiyo inayofika mbali kuliko sarafu zangu zote za mwaka.

Kuhusu watoto nimekosea zaidi kuliko popote.

Kuna babu mmoja asiyeona, alikuwa akipita na mjukuu wake wa kike wa miaka tisa. Babu ameshika ncha moja ya fimbo, mtoto ameshika nyingine, mtoto mbele. Ijumaa msikitini, Jumapili kwenye milango ya makanisa, siku nyingine barabara ya madukani. Mimi nilikuwa nampa mtoto jero kila wanapopita. Mwaka 2016 serikali ilipoondoa ada na michango shuleni, nikaona sasa kisingizio kimekwisha. Nilimpima yule mtoto kwa futi palepale barazani, nikamshonea shati jeupe na sketi ya bluu, mishono mara mbili ili vidumu. Nilivifunga kwenye gazeti na kumkabidhi babu. Babu alivipapasa, akapitisha kidole kwenye pindo lote kama fundi, akasema, "Ahsante mwanangu, umeshona vizuri." Nilijisikia nimemaliza.

Jumatatu walipita. Mtoto mbele, babu nyuma, na mtoto amevaa ile sare ya shule kwenda kuomba.

Nilichukia, nikamwambia babu maneno makali kidogo. Alisubiri nikamaliza. Akaniuliza, "Akienda darasani, mwanangu, nani atashika fimbo?"

Nilikuwa nimeshona nguo kwa ajili ya shida niliyoiona mimi. Shida yao ilikuwa ncha ya pili ya ile fimbo. Na ofisini babu hakutaka kwenda hata kidogo. Alishaambiwa na watu kwamba kuomba barabarani ni kosa la jinai, na hawakumdanganya: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 176, wakati ule ilimweka anayeombaomba hadharani kwenye kundi la wazururaji. Yeye alijua kwamba akijitokeza watamfungia na mtoto watamchukua, na huyo mtoto ndiye macho yake na ndiye yote aliyobaki nayo kwa binti yake aliyefariki. Kila mara nilipomwambia habari za ustawi wa jamii aliishika fimbo kwa nguvu zaidi.

Ilichukua miezi. Nilianza na mjumbe wa mtaa wanaoishi, kisha mwenyekiti, ambaye alikuja mwenyewe mpaka barazani akakaa chini na babu, wakaongea habari za mvua na maharage kabla ya kuongea habari za mtoto. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini ulikuwa umewapita; majina yalikuwa yanapendekezwa kwenye mkutano wa mtaa, na mpangaji wa chumba kimoja asiyeona, anayeshinda mjini, nani angemtaja? Mwenyekiti alimwandika jina wangoje awamu nyingine. Mwalimu mkuu alikubali kumpokea mtoto darasa la kwanza japo amewazidi wenzake kichwa kizima. Na fimbo? Fimbo tuliiegemeza kwenye ukuta wangu. Mtoto anamleta babu saa moja kasoro, anamkalisha kwenye kigoda nyuma ya cherehani, anakimbia shule. Anamrudia saa nane mchana.

Haikuwa rahisi na bado si rahisi. Kopo lake la sarafu liko miguuni pake, kwa sababu njaa haikwenda shule. Kuna wateja wawili watatu walioacha kuja. Mmoja aliniambia wazi kwamba hapendi kuombwa anapopimwa nguo. Mwenye duka ameniuliza mara mbili kama hii ndiyo hali ya kudumu. Sikuwa na jibu. Jumamosi na sikukuu wanarudi barabarani wote wawili kama zamani, fimbo katikati, na ninapowaona kwa mbali kifua changu bado kinauma.

Kazi ya kuchambua vifungo aliianza mwenyewe. Ninavyo kwenye bakuli, mamia, vya kila namna, na siku moja nikasikia vinagongana. Alikuwa anavitenga kwa vidole: vya matundu mawili huku, vya manne huku, vya mguu peke yake. Hakosei. Mimi mwenye macho nilikuwa nikitafuta kifungo dakika tano. Sasa nasema tu, "Babu, cha manne, kidogo, cha shati," na mkono wake unanyooka.

Leo asubuhi ameniomba sindano. Nimemtungia uzi, nikampa kitambaa kibovu na kifungo kikubwa cha koti. Amekaa hapo nyuma yangu tangu saa mbili. Amejichoma mara kadhaa, namsikia akivuta pumzi kwa meno. Ameshafumua mara tatu. Hii ni ya nne, na kifungo bado kinaning'inia.